Barua kwa mwanangu: kwa nini hati ya ardhi ya Wahadzabe haianzi kwa mpima

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini shirika lililokuajiri linakaa miezi na kijiji kimoja kabla hati haijatoka, wakati mpima ardhi angemaliza kazi yake kwa siku chache.

Tazama Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Tanzania. Mwaka 2011 Wahadzabe wa huko, jamii ya wawindaji na wachumaji, walipata Hati ya Hakimiliki ya Kimila ya jamii nzima, wakisaidiwa na shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team). Anayeishi kwa kuchimba mizizi, kurina asali na kuwinda hafaidiki na kiwanja chenye jina lake; anahitaji pori zima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu kundi limiliki kwa pamoja, lakini inataka mambo yaende kwa mpangilio.

Kwanza mpaka wa kijiji na jirani zake uwe umekubaliwa na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, kinachothibitisha eneo la kijiji, kiwepo. Mpaka hutembelewa kwa miguu, wazee wa pande zote mbili wakiwepo, mpima akifuata nyuma yao. Hapa ndipo wengi huharibu. Wakitembea masika peke yake, wafugaji wa Kidatoga wanaoleta ng'ombe kiangazi hawapo, na hakuna anayetaja njia zao za maji. Kiangazi kikifika, ramani inakuta watu na mifugo ndani yake, na ugomvi unaanza upya. Waulizwe mapema: wapite wapi, wanyweshe wapi, watoke lini. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi.

Halafu kuna vikao. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote, huridhia. Wahadzabe ni wachache hata kwenye vijiji vyao wenyewe, na hawana chifu wa kuwasemea. Mkutano ukiitishwa kwa tangazo la ofisini, huku wao wametawanyika kambini kutafuta asali, wakulima na wafugaji wataamua bila wao. Mhamasishaji mzuri huenda kambini, hueleza kwa Kihadza, huwasikiliza wanawake wakiwa peke yao kwa sababu wao ndio wanaojua mizizi inachimbwa wapi, kisha hurudi tena watu wakishatafakari. Ridhaa inayotolewa siku ileile ya maelezo mimi siiamini.

Muhtasari wa mkutano uwe na tarehe, ajenda, uamuzi wenyewe na orodha ya mahudhurio yenye sahihi au dole gumba. Ukikosa orodha hiyo, mpinzani yeyote atauliza kama watu walikuwepo kweli. Hati yenyewe husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na wenye ardhi, kisha ofisa ardhi wa wilaya huisaini, huipiga muhuri na kuisajili. Hakikisheni nakala moja inabaki kwa wenye ardhi, mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua.

Baada ya hapo ndipo kazi ngumu. Mkulima anayefyeka usiku hasomi hati. Anayemzuia ni mlinzi wa kijiji anayelipwa kwa wakati na mwenye sheria ndogo mkononi. Sheria ndogo hiyo lazima iwe imepitishwa na halmashauri ya wilaya; bila hivyo, faini mliyotoza itatenguliwa, na mvamizi atarudi akiwa na ujasiri zaidi. Yaeda kuna mradi wa kaboni, yaani wa kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti isiyokatwa, unaosaidia kulipa walinzi, na nafurahi kwamba pori lililosimama linawaletea wenyewe kipato. Wafadhili wengi hupenda kugharamia sherehe ya kukabidhi hati. Waombeni fedha za doria pia, kwenye bajeti ileile ya mwanzo.

Ukiingia kazini, omba faili la kijiji kabla ya kuomba ramani. Tafuta muhtasari wa Mkutano Mkuu, hesabu majina ya Wahadzabe na ya wanawake, kisha angalia mkutano ulifanyika mwezi gani.

Mama yako