Mchezaji Chipukizi na Bei ya Saini Yake

Kila msimu wa usajili unapofika, wazazi na wachezaji wa hapa Malindi huniletea swali ambalo enzi zetu halikuwapo: kijana akishasajiliwa na klabu ya kulipwa, je, ni halali amtoze shabiki pesa kabla ya kumtilia saini kwenye jezi, daftari au mpira? Nilicheza soka Mombasa katika ujana wangu, na tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiwafundisha vijana katika uwanja wa Alaskan, wengine wao wakafika hadi Ligi Kuu. Jibu ninalowapa nimelipima kwa mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Shabiki aliyesimama mbele yako asitozwe hata senti moja. Mfanyabiashara anayetaka kuigeuza saini yako kuwa bidhaa atozwe, tena bei kamili, kwa maandishi.

Hoja za wanaotaka kutoza si za kipuuzi, nami sizipuuzi. Mishahara ya vilabu vyetu vingi ni midogo, na huo udogo wenyewe huja kwa kuchelewa. Mchezaji anaweza kukaa miezi kadhaa akila kwa mkopo dukani huku jina lake likitangazwa redioni kila Jumapili. Miguu nayo haimngoji mtu. Wachache sana hucheza hadi miaka 35, na goti moja likiharibika safari inaweza kukatika akiwa na miaka 22. Kijana wa namna hii akiona watu wamejipanga kutaka kitu kutoka kwake, si ajabu akajiuliza kwa nini kitu hicho kitoke bure.

Hata hivyo, deni la mshahara lina mdaiwa wake, naye ni klabu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinatambua kwamba mchezaji ambaye klabu yake imeshindwa kumlipa angalau mishahara ya miezi miwili ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi awe ameiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe deni hilo. Vijana wengi ninaozungumza nao hawajawahi kuisikia kanuni hii, ilhali bei ya kutoza kwa saini wanaijua. Ningependa iwe kinyume chake. Barua moja iliyoandikwa vizuri, yenye tarehe na nakala iliyohifadhiwa, ina uzito mkubwa kuliko sarafu za watoto wa msimu mzima.

Miaka michache iliyopita, winga mmoja niliyemlea mwenyewe alisajiliwa na klabu ya bara, akarudi nyumbani Desemba wakati wa mashindano ya mtaani. Watoto walimzunguka kama ilivyo ada. Binamu yake, ambaye alikuwa amejiteua kuwa meneja, alisimama kando ameshika kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nzito nambari ya M-Pesa na bei: shilingi 50. Alikuja mtoto ambaye hakuzidi darasa la nne, mikononi ana mpira uliochunika karibu ngozi yote ukabaki kitambaa cha ndani, na alikuwa ameshachagua mahali pa kutiwa saini, karibu na tundu la kujazia upepo, ambapo palikuwa pamesalia kipande cha ngozi nyeupe. Alipoambiwa bei aliwaendea wenzake, wakachangishana sarafu za tano na za kumi, zikafika shilingi 35. Binamu akazihesabu, akamrudishia. Yule mtoto hakulia wala hakubishana. Aliurudisha mpira uwanjani wakaendelea kucheza upande wa pili.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ameketi chini ya mwarubaini alikuwa akilitazama jambo hilo tangu mwanzo. Akaniita, akaniuliza, "Maalim, kumbe tulimnunulia njumu ili aje atuuzie jina lake?" Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli. Nauli iliyompeleka yule kijana kwenye majaribio ilitokana na mchango uliopitishwa barazani na katika kundi la simu la mtaa, na mzee huyo alikuwa mmoja wa waliotoa. Njumu zake za kwanza za maana zilinunuliwa hivyohivyo. Jioni ile nilikaa na kijana na baba yake, tukalizungumza, na siku ya pili bila kulazimishwa na mtu alitia saini hadi adhana ya magharibi. Lakini neno lilikuwa limeshatembea. Alipoumia msimu uliofuata na mchango wa matibabu ukaitishwa, pesa zilikuja polepole kuliko nilivyozoea kuona. Sitasema ni kwa sababu ya shilingi 50 peke yake, maana mwaka ule hali ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba niliyasikia maneno ya katoni yakirudiwa na watu niliowaomba wachange.

Mashabiki wa mchezaji chipukizi si umma wa mbali usiomjua. Miaka yake ya mwanzo, wengi wanaoomba saini yake ni watu wa mtaa wake, wa shule yake, na ndugu wa wachezaji wenzake. Hao wameshalipa, na walilipa wakati hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mtoto huyu angefika popote.

Kijana mmoja mwerevu aliwahi kunijibu kwa methali: mcheza kwao hutuzwa. Nilifurahi kwamba aliitaja, kwa sababu sisi watu wa Pwani tunajua kutuza kulivyo. Katika taarabu, mama akiguswa na ubeti huinuka kitini, akaenda kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji na kumpa noti huku ukumbi mzima ukimwona. Kiasi anakipanga yeye, wakati anauchagua yeye, na asiye na kitu husikiliza mpaka mwisho bila mtu kumsumbua. Mwimbaji hasimamishi wimbo ili adai. Basi shabiki mtu mzima akifurahishwa na bao lako akakutia noti mkononi, ipokee kwa heshima na umshukuru. Hiyo ni tuzo yako. Mtoto akikupa, mrudishie. Mimi sijaona hali yoyote ambamo mchezaji anayepokea mshahara anastahili kuchukua pesa ya mtoto wa shule kwa ajili ya saini.

Wanaotetea bei hupenda kutaja Marekani, ambako biashara ya saini ni kubwa kweli. Mfano huo ni mzuri, ila inafaa kutazama nani anamlipa nani. Kijana wa besiboli ambaye bado yuko ligi za chini hulipwa na kampuni kama Topps ili atie saini kadi zenye picha za wachezaji ambazo kampuni hiyo itaziuza. Malipo yake hutoka kwa kampuni, kwa mkataba, na mara nyingi kabla hata hajacheza mechi moja ya ligi kuu. Wanaokaa mezani na kutoza kila anayepita, kwa kawaida, ni wakongwe waliokwisha kustaafu. Pete Rose, aliyefungiwa kushiriki besiboli mwaka 1989 kwa sababu ya kamari, alitia saini kwa malipo huko Las Vegas kwa miaka mingi hadi uzeeni. Kwa mtu ambaye mchezo umeshamfungia mlango, sina neno. Kijana wa miaka 20 ambaye ndiyo kwanza anaingia uwanjani hana sababu ya kuanza na kazi ya wastaafu.

Huko huko Marekani kuna funzo jingine, la sheria. Mwaka 2014 Todd Gurley, aliyekuwa akichezea timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Georgia, alifungiwa mechi nne baada ya kubainika kwamba alipokea zaidi ya dola 3,000 kwa vitu alivyovitia saini, kwani kanuni za michezo ya vyuo wakati ule zilikataza. Kanuni hizo zililegezwa Julai 2021, na leo mwanafunzi anaweza kulipwa kwa jina na sura yake. Kosa la Gurley halikuwa kwamba saini haina thamani. Ilikuwa nayo, na ndiyo maana watu walimtafuta. Aliponzwa na kanuni zilizokuwapo siku ile, na kijana wetu naye ana kanuni zake, ambazo zimo ndani ya mkataba wa klabu. Humo mara nyingi kuna kifungu cha haki za picha, yaani nani anaruhusiwa kutumia jina, sura na saini yako kibiashara, na kama waweza kuuza kitu chenye nembo ya klabu bila idhini. Kisome kifungu hicho kabla ya kusaini. Kama hukielewi, usione haya kumwomba wakili au mwalimu wako akusomee. Mapato ya saini nayo ni mapato kama mengine, na Mamlaka ya Ushuru huyahesabu hivyo. Yaandike mahali tangu siku ya kwanza.

Sasa nizungumzie yule mfanyabiashara, kwa kuwa hapa ndipo vijana wetu wanapodhulumiwa huku tukibishana juu ya shilingi 50. Malindi na Watamu ni miji ya wageni. Si mara moja nimemwona mtu mwenye duka la vitu vya ukumbusho akija mazoezini na furushi la jezi mpya, zote za ukubwa mmoja, bado zimo ndani ya mifuko yake ya plastiki, akimsifu mchezaji kwa maneno matamu na kumwomba atie saini "kidogo tu." Kijana husaini zote kwa furaha, akapewa soda. Baadaye jezi ile hutundikwa kwenye fremu ya kioo, na bei yake inatosha kulipa kodi ya chumba cha kijana huyo kwa mwezi. Mtu huyu ndiye wa kutozwa. Kumtambua si kazi ngumu: ana vitu vingi vinavyofanana, hataki jina la mtu liandikwe, na hushika kitu kwa ncha za vidole kisichafuke. Shabiki wa kweli ana kitu kimoja, mara nyingi kimechakaa, na huomba uandike jina lake au la mwanawe.

Njia niliyowafundisha vijana wangu ni kuandika jina la mwombaji kila mara: kwa fulani, wa Barani, kwa fulani, wa Mambrui. Shabiki hufurahi maradufu. Mfanyabiashara hukunja uso, maana kitu chenye jina la mtu mwingine hakimfai dukani, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoweza kuanza kwa adabu. Sema bei ya kila jezi, idadi, na tarehe ya malipo. Wakubaliane wakala wako na yeye kwa maandishi, klabu ikijua.

Jambo la usalama nalo nimeona linasahaulika. Saini unayowapa mashabiki isiwe ile iliyo kwenye kitambulisho, kwenye akaunti ya benki au kwenye mkataba wako. Kwetu hapa saini bado inatumika kumdhamini mtu chamani na kuuziana viwanja, na saini hiyohiyo ikizagaa kwenye madaftari ya mji mzima ni hatari. Jitungie nyingine, yenye herufi kubwa za wazi na nambari ya jezi yako. Usitie saini kwenye karatasi tupu, na ukilazimika, isaini juu kabisa ili pasibaki nafasi ya mtu kuongeza maneno juu yake. Hata wenzetu wa Marekani, wenye kampuni maalumu za kuthibitisha saini, hawakunusurika na ughushi: mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen, na makumi ya watu walitiwa hatiani kwa kuuza vitu vya michezo vyenye saini bandia.

Wapo wanaosema bei inasaidia kupunguza msongamano. Muda unasaidia zaidi. Tangaza kwamba utatia saini kwa robo saa, anza na watoto wadogo, na dereva akiwasha gari uage kwa sauti ili aliyekosa ajue hukumdharau. Tembea na kalamu yako ya wino usiofutika, kwa sababu kalamu ya kawaida haiandiki juu ya jezi, na mwombe mwenye jezi akivute kitambaa pande zote mbili kikazwe, la sivyo wino utatanda.

Kwa wazazi wa vijana ambao hawajafika miaka 18 nina ombi moja mahususi. Mambo yote ya malipo yanayohusu jina la mtoto yapite mikononi mwenu na yawe kwa maandishi, na jamaa yeyote anayejitolea kuwa meneja aambiwe mapema, mbele ya kijana mwenyewe, nini anaruhusiwa kufanya. Yule binamu mwenye katoni hakuwa mtu mbaya. Alidhani anamsaidia nduguye, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemweleza lolote kabla ya siku ile.