Chama kilimpa Baba siku moja

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenikuta namenya mihogo, nikaiacha. Mmeuliza: "Je, vyama vya wafanyakazi wa mashambani bado vinamtetea mfanyakazi, au vimebaki kukata ada?" Nilitaka kuwajibu kwa mstari mmoja, kwamba vimebaki kukata ada, kisha nirudi kwenye mihogo yangu. Nilipouandika huo mstari nikaona si haki kuuacha peke yake. Mimi ni mtoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, nimezaliwa kambini, na hiyo ada ilitoka kwenye sahani yetu.

Baba aliletwa Tanga kutoka Kasulu na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikizoa vibarua huko bara. Wazee wa Korogwe na Muheza wakilisikia hilo jina bado wanakunja uso. Alikuja akiwa namba, akapewa kipande, kadi yake ya kazi ya siku 30. Siku isiyotiwa alama kwenye kipande haikuwa siku, hata kama uliamka saa kumi za usiku na mgongo umekufa ganzi. Alidhani atamaliza mkataba arudi kwao anunue ng'ombe. Hakurudi.

Ada ya chama alianza kuitoa mwaka 1958, kwa mkono, kwa mtu aliyepita kambini usiku. Wakati huo wenye mashamba, kinara wao akiwa Sir Eldred Hitchcock, walikuwa wameunda baraza lao la mazungumzo na wafanyakazi ili chama kikose mlango wa kuingilia. Mwaka huohuo wafanyakazi wa shamba la Mazinde wakagoma. Baba hakuwa Mazinde, lakini aliisimulia Mazinde kama mtu anavyosimulia harusi ya jirani ambayo hakualikwa: nani alisimama wapi, nani alikimbia, nani alikula nini. Tukaja kupata uhuru, na Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mkonge, akaondolewa na kupelekwa Sumbawanga akatulie, kwa sababu ya migomo. Mwaka uliofuata vyama vyote vikafutwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake alikuwa Waziri wa Kazi mwenyewe. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Mwaka 1978 NUTA ikawa JUWATA, jumuiya ya CCM. Yaani mwenye shamba serikali, chama serikali, na mnyapara yuleyule wa zamani. Ada sasa hatoi kwa mkono, inakatwa hukohuko ofisini.

Sasa niwape kisa chenyewe, maana bila hicho nitakuwa napiga porojo.

Ilikuwa mwaka 1979, mwaka wa vita vya Kagera, sabuni haipatikani. Nilikuwa darasa la sita. Shamba silitaji, lipo njia ya Korogwe, inatosha. Siku hiyo nilimpelekea Baba chakula, ugali na kisamvu, bakuli limefungwa kwa kanga kuukuu ya Mama. Watu wa Korogwe mnaweza kuruka mistari michache hapa. Mkataji anakata majani ya chini ya mkonge, anaondoa mwiba wa ncha, anayafunga majani 30 kwa 30, kisha anayabeba begani hadi kando ya reli, panapopita kiberenge kuyapeleka kwenye korona, mashine ya mkonge, kusagwa ili zitoke singa, zile nyuzi zake. Maji ya mkonge yakikuingia kwenye ngozi yanawasha kama upupu. Mikono ya Baba kutoka kiwikoni kushuka chini ilikuwa ya rangi yake peke yake.

Alikuwa amepanga mafungu 70. Mnyapara akaja na karani. Utaratibu wao ulikuwa huu: mnyapara anachagua fungu moja, lolote analotaka, anakata kamba kwa kisu, anahesabu. Likipungua majani, siku nzima inafutwa. Si fungu hilo, ni siku. Kanuni hiyo hakuna aliyewahi kuiona imeandikwa popote.

"Ishirini na saba," mnyapara akasema. "Futa."

Karani akatoa penseli nyekundu, akafuta. Baba hakusema kitu. Mwezi ule alikuwa ameshafutwa mara mbili. Akaketi juu ya fungu, akanyoosha mkono nimpe chakula.

Pale chini ya mwembe alikuwepo mwakilishi wa chama, mzee wa Kingoni aliyekuwa na kiwiko kisichokunjuka. Sisi watoto tulimwita Babu Kiwiko, wakubwa walimwita Mzee tu. Alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini, akaja polepole.

"Karani mwanangu," akasema, "fungu moja si rundo. Tufungue yote."

"Mzee, kiberenge kinasubiri," mnyapara akajibu.

"Kisubiri. Chuma hakina njaa."

Wakafungua yote. Mafungu 70, kamba moja baada ya nyingine, majani yakamwagika. Babu Kiwiko akachuchumaa, akawa anayahamisha jani kwa jani kutoka kulia kwenda kushoto kwa mkono wake mzima, karani akichora vijiti kwenye karatasi, vitano vitano. Jua la saa sita lile la bonde la Pangani mnalijua. Wakataji wengine waliomaliza kazi yao wakaja wakasimama, hakuna aliyeongea. Dereva wa kiberenge akazima mashine, naye akaja kutazama. Kufika mia tisa na kitu ukazuka ubishi: jani lililovunjika katikati ni jani au si jani? Mnyapara akasema si jani. Babu Kiwiko akaliinua, akalipasua kwa ukucha, akamwonyesha dereva na sisi wote. "Singa zake zimekatika?" Hazikuwa zimekatika. Likahesabiwa. Nakumbuka hata sauti ya yale majani yakiangukiana, sauti nzito yenye maji. Nakumbuka bakuli la ugali likiwa wazi na inzi juu yake, maana Baba alisahau kula.

Majani yakawa 2,109. Mafungu 70 mara 30 ni 2,100. Baba alikuwa amewazidishia majani tisa. Kulikuwa na mafungu ya 27, na kulikuwa na ya 33, kwa sababu mtu anayefunga kwa mikono inayowasha hahesabu kama benki.

Mnyapara akasema sheria ni fungu, si jumla. Hapo ndipo Land Rover ya meneja ilipofika, ikifuata kiberenge kilichochelewa. Meneja hakushuka. Akasikiliza kupitia dirishani, akatazama saa yake, akasema, "Mwandikieni siku yake, mzigo uondoke." Karani akaandika juu ya pale alipofuta.

Mngedhani tulishangilia. Mzigo usingeondoka ukiwa umemwagika, na aliyetakiwa kuufunga upya ni Baba, bila malipo. Nikatumwa mbio kumwita Mama na kaka zangu. Tukafunga mafungu 70 hadi jua likawa jekundu. Usiku huo Mama alitupaka majivu mikononi kwa kukosa sabuni, na kesho yake shuleni sikuweza kushika kalamu.

Hiyo ndiyo siku moja ambayo chama kilimpa Baba. Alilipa ada tangu 1958 hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1986. Nimepiga hesabu hapa kwenye kona ya gazeti lenu: miezi 336. Miezi 336 ya makato kwa siku moja ya mshahara, tena siku ambayo familia nzima iliifanyia kazi mara mbili. Na Babu Kiwiko? Haukupita mwaka akapewa unyapara upande wa pili wa shamba. Nilimuuliza Baba kama wamemnunua. Akasema, "Amechoka kubeba." Hakuongeza neno, na mimi kwa miaka mingi nilimwona Baba mjinga kwa kutokasirika.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa tayari. Lakini hapa nilipofika nimekumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiweka kwenye hesabu zangu. Baada ya siku ile, mnyapara alikuwa kabla hajasema "futa" anageuza shingo kutazama kama yule mzee yupo. Akimwona, anafungua mafungu mawili, matatu, anapiga wastani. Asipomwona, anafuta kama kawaida. Sasa nikisema chama kilitoa siku moja, nahesabu siku ya Baba tu. Siku ambazo hazikufutwa, za Waha, za Wamakonde, za Warundi, za wale wote waliosimama kimya pale relini, hizo haziko kwenye kipande cha mtu yeyote. Sina hakika zilikuwa ngapi, pengine chache. Na ziliisha siku Babu Kiwiko alipovaa kofia ya unyapara.

Ninyi mmeuliza kuhusu vyama. Mimi naona swali ni nani anasimama kwenye rundo wakati wa kuhesabu. Tazameni miaka hii. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo cha wakati huo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Vizuri. Serikali inasema mwezi, shamba linasema fungu. Usipomaliza kazi uliyopimiwa hujapata siku, na usipopata siku, huo mwezi wa kwenye amri ni wa nani? Mtu anaweza kupunjwa mwaka mzima bila amri hata moja kuvunjwa kwenye makaratasi.

Mtaniambia wagome. Sawa, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina ngazi zake: mgogoro uende CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi, siku 30 za usuluhishi, mkikwama mpige kura, mtoe notisi ya saa 48. Mimi sizipingi ngazi, nimeona migomo ya papara iliwafikisha wapi watu. Ila kibarua wa msimu akifika ngazi ya tatu mkataba wake umeshaisha, yuko nyumbani anapalilia mahindi. Sehemu nyingine mkonge sasa uko mikononi mwa wakulima wadogo kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, nao wanaajiri wakataji wao. Hapo mgome dhidi ya nani? Dhidi ya mkulima wa hekta sita ambaye baba yake naye alikuwa manamba? Mkulima huyo mwenyewe analia kwamba hajalipwa singa zake. Sisemi hadhulumu mtu. Nasema hata dhuluma sasa imegawanywa vipandevipande, kila mmoja kashika chake kidogo.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa mwisho, anakata mkonge kwenye shamba moja huko huko. Jumapili alinitumia picha kwa WhatsApp: daftari lake la shule ya zamani, ameandika mafungu yake kila siku kwa kalamu ya bluu. Kwenye karatasi ya ofisi siku mbili hazipo. Kisha akaandika, "Shikamoo Mjomba. Eti nijaze fomu ya chama?"

Kwa yote niliyoyasema juu, nilipaswa kumwambia asitupe hela yake. Nikamwambia ajaze. Lakini nikampa masharti, na haya ndiyo jibu langu kwenu pia, kama lina msaada. Kwanza aulize mwakilishi wa tawi lao analala wapi. Akiwa analala kambini, ajaze leo. Akiwa analala Tanga mjini na anakuja na pikipiki kukiwa na mgeni, ajaze vilevile, ila asimpe lile daftari, ampe picha. Na asitegemee kwamba mtu huyo atabaki upande wake miaka yote, maana mwakilishi naye ana mgongo, na unyapara unalipa zaidi.

Akanijibu, "Mjomba, nimeangalia karatasi ya mshahara, ada wananikata tayari. Wanaiita ya uwakala. Hata nisiyejiunga nakatwa."

Ni kweli, sheria hiyohiyo ya 2004 inaruhusu hivyo, chama kikishakuwa na wengi kazini. Nilikuwa nimeisahau, na nakiri nilipandwa na hasira upya, nikataka kuuchana ukurasa huu nirudi kwenye ule mstari wangu mmoja. Halafu nikaona kwamba kama hela imeshatoka, kilichobaki ni kura.

"Basi jaza," nikamwandikia, "angalau uchague wa kusimama hapo relini. Na wakikosa mtu, simama wewe."

Ujumbe una alama moja tu mpaka leo. Wiki hii wanakata upande wa mtoni, mtandao hakuna.

Mtoto wa manamba,
Muheza