Nilibonyeza Kidole Mara Tatu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Makambako aliniandikia ujumbe, akanisalimia "shikamoo mwalimu", kisha akaeleza kwamba ameitwa kituo cha polisi kujibu kuhusu laini ya simu ambayo hajawahi kuishika, ingawa imesajiliwa kwa jina lake na kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa. Aliuliza kama kweli mtu anaweza kuibiwa jina. Anaweza, mwanangu. Mimi niliibiwa langu mchana kweupe pale Kabwe, nikiwa nimesimama mbele ya mwizi, na nilipoondoka nilimshukuru.

Ilikuwa mwezi Julai, na aliyewahi kukaa Mbeya hahitaji kuelezwa baridi ya Julai inavyoikausha ngozi ya mikono. Nilitaka laini ya pili kwa ajili ya biashara yangu ndogo ya mchele, na badala ya kupanda hadi dukani nikamwendea kijana aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara. Nikamtajia namba yangu ya NIDA, nikaweka kidole kwenye kile kimashine chake. "Mama, haijasoma, vidole vimekauka," akasema, akanishauri nikipanguse kidole usoni kipate mafuta kidogo. Nikarudia. Bado, akasema. Nikarudia tena. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa Januari 2020, siku zile za kukimbizana kabla laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole hazijaanza kuzimwa, mashine halali kabisa ilikuwa imevikataa vidole hivihivi mara nne, na nyuma yangu katika foleni walikuwapo wazee wa shamba ambao alama zao zilikuwa zimeliwa na jembe. Uongo wa yule kijana ulikuwa umevaa nguo ya ukweli tunaoufahamu sote huku nyanda za juu.

Ukweli ni kwamba kidole kilisoma mara ya kwanza. Mara ya pili na ya tatu nilikuwa nikiwasajilia watu wengine laini, watu ambao wangezinunua zikiwa tayari na jina langu.

Mwezi Novemba alinipigia mama mmoja kutoka Njombe, akaanza bila salamu: "Mwalimu mzima, huna haya?" Alikuwa ametuma shilingi 240,000 za miche ya parachichi kwa mtu aliyezima simu mara tu baada ya kupokea. Alipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu yake lilikuwa langu, yote matatu, na yeye kwa uangalifu wake aliulizia kwanza, akaambiwa kwamba mwenye jina hilo ni mwalimu wa Mbeya, mtu wa kanisani. Jina langu jema ndilo lililomtapeli, na hilo linaniuma kuliko fedha yoyote niliyowahi kupoteza.

Jioni hiyo nilipiga *106# kwa laini ya mtandao ule, nikafuata maelekezo ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilitarajia namba moja. Zikaja tatu.

Yaliyofuata, yaani maelezo ya polisi, foleni dukani na kuzifuta zile laini mbili, yalichukua miezi minne na hayana utamu wa kusimulia. Lililo na uchungu ni la kikoba. Nilikuwa mweka hazina kwa miaka sita, na habari za Njombe ziliwafikia wenzangu kabla sijamaliza kuzielewa mwenyewe. Hakuna aliyeniita mwizi. Waliniomba tu daftari "kwa muda, dada, mpaka mambo yatulie", na mmoja wao, ambaye nilimfundishia watoto wawili, akaupokea ufunguo wa sanduku bila kunitazama.

Kwa hiyo ninaposhauri, ninashauri nikiwa na kidonda. Hesabu mara unazobonyeza kidole. Ukiambiwa haijasoma, omba uoneshwe kioo cha mashine kabla ya kurudia, na ukikataliwa, chukua kidole chako uondoke. Sajili dukani, hata kama duka liko mbali na mwavuli uko karibu. Kabla hujaondoka, piga *106#, na uipige tena kila mwisho wa mwezi kwa kila mtandao unaotumia, kama unavyohesabu kuku jioni.

Kisha itazame namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Wewe uliyeweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa zako (najua upo, kwa sababu nami nilikuwa hivyo) umemkabidhi ufunguo kila anayeiona kopi ya kitambulisho chako. Na kopi hizo tunazitupa ovyo. Wakati mmoja nilinunua karanga Mwanjelwa zikiwa zimefungwa kwa kopi iliyoharibika ya kitambulisho cha mtu, sura na namba vikisomeka vizuri. Kopi isiyotoka vizuri steshenari, ondoka nayo ukaichane. Anayejidai kukupigia kutoka huduma kwa wateja kwa namba isiyo 100, mkatie simu, na namba za matapeli zitume kwenda 15040. Hesabu vidole vyako, narudia, kwa sababu wengi mnasoma haya mkijiambia kwamba nyinyi ni wajanja. Nami nilikuwa na shahada.

Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni silaha nzuri, lakini sheria haikufika kwenye kikao cha kikoba kunitetea, na wala sikutegemea ifike. Nilijitetea kwa karatasi: orodha ya *106# niliyoinakili kwa mkono siku ileile, na uthibitisho wa maandishi kwamba laini zile zimefutwa.

Wewe wa Makambako, usikimbie wito. Nenda Jumatatu asubuhi ukiwa na kitambulisho na mtu mzima wa kwenu, useme laini si yako, na usisaini maelezo ambayo hujasomewa. Mama wa Njombe siku hizi hunipigia kuniulizia bei ya mchele. Kikoba kimenirudishia daftari mwezi uliopita. Ufunguo bado hawajaurudisha, nami sijauomba.