Wapigaji wapya, iacheni mipira mibaya ipite

Haya nayaandika kwa ajili yenu mabinti mlioingia kwenye kikosi chetu cha softiboli mwaka huu, baada ya niliyoyaona Jumamosi. Boli tatu (mipira iliyorushwa nje ya eneo la kupigika), straiki (mpira uliopita ndani ya eneo hilo) hakuna, mrushaji wa wenzetu amechoka hadi mkono haunyanyuki, na bado mtu anaukimbilia mpira wa nne uliopita usawa wa masikio. Akatoka. Aliyemfuata akafanya vilevile. Nawapenda, na ndiyo maana sitanyamaza.

Kila mmoja wenu anataka kuwa Jocelyn Alo, yule mpigaji wa softiboli wa vyuo vya Marekani. Video zake zimejaa kwenye simu zenu, gongo linazunguka, mpira unapotelea jukwaani. Basi leo tumtazame Alo mzima, miaka yake yote ya chuo, maana vile vipande vya video vinawadanganya.

1. Anzeni na hesabu. Huyu ni binti wa Hauula, kisiwani Oahu, Hawaii. Aliingia Chuo Kikuu cha Oklahoma chini ya kocha Patty Gasso, na msimu wake wa kwanza, 2018, akapiga homrani 30, yaani mapigo yanayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka besi zote na kurudi homu, anapopigia. Msimu wa pili zikawa 16. Mwaka 2020 korona ilifunga michezo akiwa na 8. Mwaka 2021 akapiga 34. Wachezaji waliopoteza msimu wa korona waliongezewa mwaka, akarudi 2022 na kupiga 34 nyingine. Jumla 122, rekodi ya Daraja la Kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani. Nyinyi mnaitaja 122. Mimi nawaomba muitazame ile 16. Ukivuma ukiwa mgeni, mwaka unaofuata kila mrushaji anajua unapenda nini na hakupi. Hapo ndipo mpigaji anapojulikana, na wengi hapo ndipo wanapopotelea. Yeye aliporudi kwenye 30 na ushee, alikaa hukohuko.

2. Helmeti, kila mara, hata mazoezini. Sitarudia.

3. Woki, yaani kutembezwa: ukirushiwa boli nne unapewa besi ya kwanza bure. Hapa nitakaa.

Tarehe 20 Februari 2022 Alo alifikisha homrani 95, akalingana na Lauren Chamberlain, naye wa Oklahoma, aliyeishikilia rekodi tangu 2015. Ilibaki moja tu. Ikapita karibu wiki tatu. Warushaji hawakutaka majina yao yaandikwe kwenye mpira ule, wakawa wanamtupia nje, chini, popote isipokuwa katikati. Fikirini: uwanja umejaa, watu wameshika simu juu, na wewe unaweka gongo chini unakwenda besi ya kwanza taratibu. Siku inayofuata tena. Angeweza kuanza kufukuza mipira ya nje ili mambo yaishe. Alisubiri. Tarehe 11 Machi, Honolulu, dhidi ya Chuo Kikuu cha Hawaii, kwenye kisiwa cha kwao, akapata mpira wa kupigika na 96 ikapaa.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma.

Nilipoanza ukocha nilikuwa na binti mwenye jicho ambalo sijaliona tena. Mpira ukikosa eneo la straiki kwa upana wa kidole tu, anauacha. Alikuwa anapata woki nyingi, na mimi nikawa naona aibu, maana wazazi pembeni walikuwa wanapiga kelele, "Mwambie apige!" Nikaanza kumwambia hakuja uwanjani kutembea. Alinyamaza tu, kwa adabu.

Tukafika nusu fainali. Iningi (awamu) ya saba, ya mwisho, sisi ndio tunapiga, tumelingana, besi zote zimejaa, mchezaji wetu mmoja ametoka, na wakitoka watatu zamu yetu imekwisha. Anaingia yeye. Boli, boli, straiki, boli. Mpira mmoja tu mbaya na aliyepo besi ya tatu anatembezwa hadi homu, mechi imekwisha, tuko fainali. Nilikuwa nimesimama kando ya besi ya tatu. Nikampa ishara ya kupiga. Alinitazama, akataka kuhakikisha, nikairudia. Mpira ukaja chini, kwenye kifundo cha mguu. Alijua ni boli, uso ulisema. Lakini kocha ameagiza. Akaugusa, ukabiringika taratibu hadi kwa mrushaji, kwa kecha anayedaka pale homu, kisha besi ya kwanza. Wawili nje kwa pigo moja. Iningi iliyofuata tukafungwa.

Njiani ndani ya basi wenzake walimsema yeye. Hakumwambia mtu kuwa ishara ilitoka kwangu. Nami nilikaa kiti cha mbele na sikufungua mdomo. Kesho yake niliwakusanya wote nikawaeleza na kumwomba msamaha mbele yao, akasema, "Hamna shida, kocha." Shida ilikuwepo. Tangu siku ile akawa anapiga kila kitu, cha juu, cha nje, cha kwenye vumbi. Lile jicho nililizima mimi, na msimu ulipoisha sikuwa nimeweza kuliwasha.

Kwa hiyo mkiniona napaza sauti kwa sababu umefukuza boli, sigombi kwa ajili ya pointi.

4. Mrushaji wa chuo anasimama futi 43 kutoka homu, yaani mita 13 hivi. Mpira wa kilomita 105 kwa saa unakufikia kabla nusu sekunde haijaisha, kwa hiyo amua unataka mpira wa wapi kabla haujatoka mkononi mwake.

5. Mtaniuliza, "Kocha, tukiacha tutapiga lini?" Fainali ya vyuo ya 2022, Oklahoma City, dhidi ya Texas, mechi ya kwanza: Oklahoma walishinda 16 kwa 1, na Alo alipiga homrani mbili. Huyohuyo wa kutembezwa. Walibeba ubingwa wa pili mfululizo, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo alikuwa ameipata 2021 na akaipata tena 2022. Tena alizungukwa na wapigaji wenzake kama Tiare Jennings. Ukimkwepa Alo, unakutana na moto mwingine. Ndiyo faida ya woki: mwenzako anaingia na wewe umeshakaa besi.

6. Uwanja wetu hauna uzio. Ukipiga mbali, usisimame kuutazama mpira kama kwenye video. Kimbia, besi zote nne, mpira bado uko kwenye majani.

Jumanne hakuna kupiga kabisa. Kila mmoja ataingia kwenye boksi la mpigaji na gongo begani, na kazi yake itakuwa kutaja kwa sauti "boli" au "straiki" kabla mpira haujagota kwenye glavu ya kecha. Atakayekosea zaidi ya wenzake atakusanya mipira, na mje na maji ya kutosha.