Kaka Mdogo wa Sindo, Kazi ya Feri Inaanzia Mlangoni

Jumamosi iliyopita, siku tatu baada ya kupewa cheti cha kushika usukani, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Sindo. "Kaka, hongera sana. Nimemaliza kidato cha nne, na mimi nataka kuwa kepteni wa feri. Nianzie wapi, na mshahara ni ngapi?" La mshahara nilimjibu palepale kwenye simu. La kwanza limenikosesha usingizi, kwa sababu nilipouliza mimi hakuna aliyenijibu, na jibu lenyewe nikalipata kwa njia ambayo mpaka leo inaniuma.

Najua wengi mnaonisoma mnatamani kile chumba cha juu cha kepteni. Nami nilikitamani. Nimelelewa Mbita, na nikiwa mtoto nilikuwa nakaa juu ya mawe nikiiangalia feri ikitoka Luanda K'Otieno, nyumba za ng'ambo zikiwa ndogo nyuma yake, nikijiapiza kwamba siku moja nitaileta mimi. Sikujua kwamba kabla ya kile kiti kuna miaka 11 ya kusimama juani mlangoni.

Mlango ni lile bamba la chuma linaloshushwa gatini ili magari yaingie. Lakini hata kabla ya mlango kuna injini. Sisi wa Ziwa Victoria tuna adui ambaye wenzetu wa Likoni hawamjui, magugu maji. Injini yetu hupozwa kwa maji ya ziwa, na maji hayo hupita kwenye chujio. Saa kumi na moja alfajiri nafungua kifuniko, naingiza mkono mpaka kiwiko, natoa mizizi myeusi kama nywele zilizolowa, vipande vya plastiki, siku nyingine na omena wawili watatu. Ukiliacha chujio hilo, joto litapanda mkiwa katikati ya maji na injini itabidi izimwe. Feri iliyozimika huendeshwa na upepo. Asubuhi ziwa hutulia, ila kuanzia saa saba au saa nane mchana upepo huingia kutoka ziwani, na hapo mawimbi hayamjui kepteni wala baharia.

Sasa mlangoni. Lori likikanyaga bamba kwa magurudumu ya mbele, feri inainama kichwa na mkia unanyanyuka. Utausikia kwenye nyayo kabla hujauona kwa macho. Magari mazito hukaa katikati, mstari mmoja na uti wa feri. Yale madogo yanagawanywa pande zote mbili kwa uzito, siyo kwa idadi, maana Probox tatu zenye magunia ya omena si sawa na Probox tatu tupu. Kila gari breki ya mkono, kila gari kwenye gia, kila gari kigingi cha mbao kwenye gurudumu. Bodaboda zinajaza nafasi zinazobaki. Abiria ndio mzigo mgumu kuliko yote, kwa sababu mzigo huu hutembea. Gati likionekana, wote wanataka kukimbilia upande mmoja kuwahi matatu. Wazuie. Paza sauti mpaka ikauke.

Desemba 2017 nilikuwa kwenye feri nyingine. Wala yenyewe wala gati lake sitalitaja. Watu walikuwa wanarudi nyumbani kwa Krismasi na sitaha ilishajaa nusu. Likaja lori la saruji. Dereva akaniambia limebeba tani saba. Nikainama nikaangalia springi za nyuma. Zilikuwa zimenyooka kabisa, chuma kimelala juu ya chuma, na matairi yamevimba ubavuni. Nikaenda ukingoni nikatazama mstari wa rangi ulio ubavuni mwa feri, ule unaokuonyesha umezama kiasi gani. Ulikuwa umebaki upana wa vidole vinne juu ya maji, na lori bado liko nchi kavu. Nikanyanyua mkono nikamwambia dereva arudi nyuma.

Msimamizi wa gati akaja mbio. "Omera, wewe ni nani hapa?" Aliniuliza mbele ya abiria, na mbele ya mama mkwe wangu aliyekuwa anavuka siku hiyo. Nikamwonyesha mstari. Hakuutazama. Nikaangalia juu kwenye chumba cha kepteni. Kepteni alikuwa ananiona vizuri, alikuwa ameona na lori, akageuza uso akaangalia maji. Lori likaingia. Mimi nikaambiwa nishuke.

Ile feri ilifika salama. Kama ingepata hata msukosuko, labda mtu angenikumbuka kwa wema. Ilifika, lori likashuka, dereva akalipwa hela yake, nami nikakaa nyumbani mwezi mzima bila mshahara nikiitwa mwoga. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaingia shule Januari hiyo.

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hilihili letu. Kilikuwa kivuko cha watu kama mia moja. Waliokufa walizidi 220. Nilikuwa kibandani nakula samaki, televisheni imewashwa, na mtangazaji akasema kulikuwa pia na mahindi, ndizi na saruji. Aliposema saruji nilisukuma sahani. Siku mbili baadaye wakamtoa fundi mmoja akiwa hai, alikuwa amekaa ndani mahali palipobaki hewa. Kibanda kizima kilishangilia. Mimi nilikuwa nafikiria aliyesimama mlangoni, kama alinyanyua mkono, na kama alinyanyua, nani alimtazama.

Hakuna aliyewahi kunipigia simu kuniambia nilikuwa sahihi. Sisubiri tena, ingawa kusema kweli nilisubiri kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ndugu zangu, jifunzeni uzito. Usiulize dereva, dereva atakuambia anachotaka kulipia. Angalia springi, angalia matairi, angalia mstari. Ukishaangalia, sema, na ukishasema usirudi nyuma kwa sababu mtu amekuuliza wewe ni nani. Vijana wetu wanafundishwa kuheshimu wakubwa, na ni vizuri, lakini heshima inayomnyamazisha baharia mlangoni inaweza kuzika kijiji. Na ninyi mlio juu, mtazameni mtu wenu wa chini. Akinyanyua mkono, shuka. Ngazi ni fupi.

Jumanne nilishika zamu yangu ya kwanza nikiwa na cheti. Mlangoni alikuwepo dada mmoja ambaye hajamaliza hata mwaka kazini. Akasimamisha lori la mchanga, dereva akaanza kelele, naye akatazama juu. Nilishuka. Sikusema neno, nilisimama tu kando yake tukitazama mstari pamoja mpaka lori likarudi nyuma. Tulichelewa kuondoka dakika ishirini na abiria walinung'unika. Sijawahi kuona dakika ishirini tamu kama zile.

Wewe wa Sindo, mafunzo ya usalama majini utayapata Bandari Maritime Academy kule Mombasa, na uogelee, usiseme utajifunza baadaye. Lakini kabla hujatafuta nauli, nunua daftari la shilingi ishirini. Nenda gatini siku tatu, moja iwe ya soko, ukae mahali unapoona springi za malori. Kila lori likija, andika uzito unaoudhania, halafu andika feri ilivyoinama lilipokanyaga bamba. Ukimaliza, nitafute kwa nambari ileile uliyoniandikia. Nije nione daftari kwanza, mengine tutayaongea baadaye.