Kielelezo Kimoja, Nadharia Mbili: Kwa Waandishi Wapya wa Tamthilia za Upelelezi

Nimemaliza kusoma rasimu za wenzetu wapya waliojiunga na chumba cha waandishi, na ninaandika haya kabla hasira haijapoa. Kila rasimu ina maiti, ina maabara, ina wachunguzi wawili wasioelewana, na katika kila rasimu mmoja wa hao wawili ni mjinga. Anashika kisu cha ushahidi bila glovu, anapayuka nadharia ambayo hata mlinzi wa getini angeikataa, na kazi yake pekee ni kukosea ili steringi aonekane ana akili. Kosa hili tulilifanya sisi, wakalifanya waliotufuata, na sasa ninyi mnalifanya kwa bidii ile ile, kana kwamba ni urithi mliowekewa. Ninawapenda, wadogo zangu, lakini someni.

1. Anzeni na kielelezo, yaani kitu cha ushahidi kinachoonekana au kushikika, nadharia zije baadaye. Nadharia mbili zinazopingana sharti zizaliwe na kitu kimoja ambacho mtazamaji amekiona kwa macho yake. Ikiwa mchunguzi wa kwanza ameshika damu na wa pili ameshika simu ya marehemu, hao hawabishani. Kila mmoja ana kesi yake, na ninyi mmewafungia chumba kimoja wapigiane kelele.

Hapa inabidi niwasimulie kipindi cha jikoni, ambacho wakongwe wa chumba chetu hawapendi kitajwe. Kilihusu mfanyabiashara aliyetoweka nyumbani kwake. Onyesho kuu lilikuwa hili: taa zinazimwa, mchunguzi ananyunyiza luminoli, kemikali inayong'aa gizani ikikutana na damu, sakafu nzima inawaka buluu, na mwenzake anashika kinywa. Kuanzia hapo kila kitu kilijengwa juu ya mwanga ule. Mke akakamatwa, akahojiwa, akakiri. Mchunguzi wa pili, aliyeshikilia kwamba yule bwana alikuwa amewakimbia wadai wake, tulimpa mistari ya kuchekesha tu. Tulirekodi, tukahariri, kisha tukamwalika mtaalamu mmoja mstaafu wa maabara akitazame kabla hakijarushwa hewani, na kusema kweli tulimwalika ili atusifu. Mzee alitazama hadi mwisho, akaomba turudi kwenye onyesho la tatu. Katika onyesho hilo binti wa kazi anadeki jikoni. Tulikuwa tumeliweka ili ionekane kwamba nyumba ni ya watu wenye uwezo na wanaopenda usafi, na mpigapicha, kwa ufundi wake, alikuwa ameisogelea chupa ya jiki hadi maandishi yakasomeka, huku jiki yenyewe ikimiminwa kwenye ndoo. Mzee akatuuliza, kwa adabu iliyozidi, kama sakafu ile tuliipima damu au tuliipima usafi. Mtayarishaji akatugeukia sisi waandishi, nasi tukamgeukia mpigapicha, ambaye kwa bahati yake alikuwa hakuandika neno hata moja.

Jiki ina hipokloriti ya sodiamu, na hiyo huiwasha luminoli bila kuhitaji tone la damu. Mchunguzi mzoefu anaweza kuishuku, kwa sababu mwanga wa jiki aghalabu huruka ghafla na kufifia upesi, ilhali ule wa damu hudumu zaidi kidogo. Anaweza pia kuiacha sakafu ikauke kwa siku moja au mbili ili nguvu ya jiki ipungue. Na kwa vyovyote vile, luminoli ni kipimo cha awali tu: humwonyesha mahali pa kuchukua sampuli, haimthibitishii kwamba ni damu, sembuse damu ya nani. Haya tungeyapata kwa simu moja. Lakini kilichotuuma zaidi ya kemia ni kwamba nadharia ya yule mchunguzi wa pili, tuliyemfanya kichekesho, ilikuwa na ushahidi ndani ya kipindi chetu wenyewe, na ushahidi huo tuliuandika kwa mikono yetu bila kuuona. Kipindi kizuri kilikuwa kimelala ndani ya kile kibaya. Mwanga ni mmoja. Mmoja anasoma humo damu iliyosafishwa, mwingine anasoma deki ya kila asubuhi, na wote wawili wana hoja, kwa kuwa muuaji naye hununua jiki duka lile lile. Badala ya kuandika upya, tulikata onyesho la tatu. Kipindi kikarushwa, watazamaji wakakipenda, na hadi leo kikirudiwa mimi hubadilisha chaneli.

2. Anayeshindwa awe hodari. Mkidhani wataalamu hawawezi kukosea bila kuwa wazembe, someni kisa cha Madrid. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka ndani ya treni za mji huo na kuua watu zaidi ya 190. Polisi wa Hispania walipata mfuko wa plastiki wenye fataki za kulipulia mabomu, na juu yake alama ya kidole. Picha ya alama hiyo ilipelekwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kompyuta ikatoa orodha ya watu 20 wanaofanana nayo, na mmoja wao alikuwa wakili wa jimbo la Oregon. Mchunguzi wa kwanza akasema ni yake, wa pili akathibitisha, wa tatu vilevile. Hata mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya upande wa utetezi alikubaliana nao. Wahispania, wakitazama alama ile ile, waliandika tarehe 13 Aprili kwamba hailingani. FBI hawakutetereka, wakili alikamatwa tarehe 6 Mei, akaachiwa tarehe 20 Mei baada ya Wahispania kumtambua mwenye kidole, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani iliomba radhi, na baadaye ikamlipa dola milioni 2.

Ripoti ya mkaguzi mkuu wa wizara ya sheria ya Marekani, iliyotoka mwaka 2006, inafaa kubandikwa ukutani mwa chumba chetu kuliko kalenda za wadhamini. Ilieleza kwamba alama hizo mbili zilifanana kwa kiwango kisicho cha kawaida, na kwamba wachunguzi walipokwisha kuiona alama safi ya wakili, walianza kuona katika ile alama hafifu ya mfukoni mambo waliyoyajua tayari kutoka kwenye ile safi. Tena, jambo la kwamba wakili huyo alikuwa amesilimu, na aliwahi kumtetea, katika shauri la malezi ya mtoto, mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya ugaidi, halikuanzisha kosa, ila lilichangia kuwafanya wasirudi kulikagua. Hakuna mjinga hata mmoja katika kisa hiki. Kuna watu wenye macho makali na miaka mingi kazini, ambao kila uthibitisho mpya uliwapunguzia sababu ya kutazama tena. Mwandikeni mchunguzi wenu anayekosea kwa namna hiyo: mpeni hoja nzuri kuliko za steringi hadi nusu ya kipindi, na mtazamaji awe upande wake.

3. Acheni kunakili saa ya kifo kutoka tamthilia za Marekani. Ile hesabu ya maiti kupoteza takriban digrii moja kwa saa inategemea chumba chenye ubaridi, na Dar es Salaam ya mwezi Februari, ndani ya chumba kisicho na feni, karibu haina ubaridi wa kuupa mwili mahali pa kupoa. Maiti hukakamaa mapema na kulegea mapema. Daktari wenu akitamka "kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku," mfuteni.

4. Bahasha, lakiri, tarehe, sahihi ya aliyetoa na ya aliyepokea. Mnyororo wa utunzaji wa vielelezo si mapambo ya mahakamani, maana nadharia ya tatu, ambayo waandishi wapya huisahau kila mara, ni kwamba kielelezo chenyewe kimechafuliwa. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba (DNA) vyake vilionekana katika matukio ya uhalifu zaidi ya 40, hadi katika nchi jirani, ya mauaji na ya wizi mdogo, hadi mwaka 2009 ilipobainika kwamba vinasaba hivyo vilitoka kwa mfanyakazi wa kiwandani, mahali ambapo vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli vilitengenezwa. Nani kati yenu angethubutu kuandika hivyo?

5. Wachunguzi waliofanya kazi pamoja kwa miaka hawaelezani kazi ya vinasaba.

6. Ugomvi wa nadharia usimalizwe na ushahidi unaodondoka dakika ya mwisho. Wengi wenu mmeitaja CSI, tamthilia ya Marekani ya wachunguzi wa maabara, kama mfano wenu, basi itazameni vizuri. Katika msimu wa kwanza, Desemba 2000, kuna kipindi kiitwacho "Unfriendly Skies": abiria wa daraja la kwanza amekufa ndani ya ndege iliyokuwa ikienda Las Vegas, na abiria wenzake wana maelezo yasiyolingana na majeraha yake. Wachunguzi wanafika mahali ambapo ukweli wa tukio unajulikana. Marehemu alikuwa mgonjwa, ugonjwa wa ubongo ulimfanya afanye fujo, na abiria waliojaa hofu walimpiga hadi akafa. Kwa mwandishi wa kawaida kipindi kimekwisha hapo. Wao ndipo wanapoanza kupingana kweli, kwa sababu vielelezo vyote vimekubaliwa na swali lililobaki halina kipimo maabara: je, mimi ningekuwa kwenye kiti kile, ningefanya nini? Kila mmoja anajibu kwa alivyo. Grissom, kiongozi wao, hakubali kuchagua upande; anawaambia kwamba wote wamejiweka mahali pa abiria, na hakuna aliyejiweka mahali pa marehemu, kwamba mtu mmoja tu angemtazama na kumuuliza anaumwa nini, huenda angekuwa hai.

Tazameni kwamba katika onyesho hilo hakuna anayetoa bahasha mpya mfukoni, na hakuna mchunguzi anayeaibishwa na mwenzake. Rasimu zenu nimeziacha mezani pa katibu, na katika kila moja nimekata jina la mchunguzi aliyeshinda. Kabla hamjalirudisha, andikeni onyesho la mwisho mara mbili, mara ya pili mkimpa ushindi yule mwingine kwa vielelezo vile vile.