Mjomba Hakuchukuliwa na Jini

"Huyo hajanywa chai." Ndivyo alivyoniambia mwalimu wa michezo kwenye simu mwaka 2019, siku binti yangu alipoanguka katikati ya mbio shuleni kwao. Alikuwa na miaka tisa. Walimpa glukosi wakamkalisha chini ya mwembe, na mimi nilipofika, cherehani nimeiacha dukani na sindano ingali imezama kwenye kitambaa cha mteja, nikamkuta anacheka na wenzake. Mwalimu akarudia: mama, mtoto asitoke nyumbani na tumbo tupu.

Chai alikunywa. Niliipika mwenyewe, na chapati mbili juu yake.

Kilichonitoa jasho si kuambiwa sijamlisha mtoto. Maneno yale niliwahi kuyasikia Tanga mwaka 2006, akiambiwa mama yangu kuhusu mdogo wangu wa kiume. Alianguka akiufukuzia mpira, akazinduka mwenyewe baada ya muda mfupi, watu wakasema njaa. Wiki chache baadaye akaanguka tena, kiwanja kile kile cha vumbi, na hakuzinduka. Alikuwa na miaka 16. Kesho yake adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Hakuna aliyempasua kutafuta sababu, na hata angepasuliwa, nimekuja kuelezwa, moyo wake ungeonekana mzima kabisa. Ugonjwa wa kwetu hauachi alama kwenye nyama ya moyo. Umekaa kwenye umeme wake.

Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Naandika niliyoelezwa na madaktari wa binti yangu, pamoja na mambo ambayo familia yetu iliyaona kwa miaka mingi bila kuyaelewa.

Zahanati ya kwanza walimpima malaria, hakuna. Wakasema damu imepungua kidogo, wakatupa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Nilikaribia kuridhika. Ila usiku nilikuwa namwona mdogo wangu. Nikampeleka kwingine, tukaangukia kwa daktari kijana ambaye hata sindano hakushika. Aliuliza tu.

Alianguka akiwa bado anakimbia, au baada ya kusimama? Akiwa bado anakimbia. Alilalamika kizunguzungu kwanza, macho kuingia giza, au alikatika ghafla kama taa? Kama taa. Akaweka kalamu chini. Akaniambia mtoto anayezimia mstarini asubuhi, amesimama muda mrefu juani, akalegea taratibu huku jasho likimtoka, mara nyingi ni presha imeshuka tu, akilazwa na miguu ikainuliwa anarudi. Lakini anayekatika katikati ya mbio, au akiwa anaogelea, au akishtuliwa, huyo apimwe moyo kabla hajarudi uwanjani. Hata kama amezinduka na anacheka. Hata kama ni mara moja tu.

Kisha akauliza: kwenu nani amekufa ghafla kabla hajafika miaka 50? Nikamtaja mdogo wangu. Wengine? Nikasema hakuna. Hapo ndipo aliponifundisha jambo ninalotaka ulichukue kwenye makala hii, hata ukiyasahau mengine yote. Alisema: ukienda kwenu usiulize nani alikufa kwa moyo, maana hakuna atakayekujibu. Uliza nani alizama na ilhali anajua kuogelea. Nani alilala mzima akakutwa asubuhi amekufa. Nani ana kifafa. Nani walisema karogwa.

Nikapanda basi la Tanga. Bibi mzaa mama nilimkuta barazani anapeta mchele, na hakuacha ungo wake alipoanza kunijibu. Kumbe mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye mimi nilijua tu kwamba "alifia Pangani", alizama. Kijana wa miaka 22, ambaye watu waliwekeana dau juu yake kwamba atavuka mto Pangani kwenda na kurudi, naye akavuka. Siku moja alijirusha majini na wenzake, maji ya kifuani tu, hakuibuka. Wakasema kachukuliwa na jini. Mganga akaitisha mbuzi mweusi ili jini asirudi kwa mwingine, bibi akamtoa mbuzi.

"Na kifafa?" nikauliza. Bibi akasimamisha ungo. Kifafa anacho mtoto wa mama yangu mdogo, yuko Korogwe, mwaka wa kumi na moja huo anameza dawa zake na bado anaanguka. Anaanguka lini? Akishtuka. Mlango ukibamizwa, simu ikilia usiku.

Mmoja alizama, mwingine ana kifafa, wa tatu alikuwa na njaa. Miaka thelathini na kitu tumekaa na vitu vitatu vyenye majina matatu, kumbe ni kitu kimoja.

Kipimo chenyewe ni ECG, yaani kupima umeme wa moyo, na nakieleza kwa sababu watu wanakiogopa bure. Binti yangu alilazwa kitandani, akabandikwa vibandiko kifuani na vingine mikononi na miguuni, akaambiwa atulie asiongee. Hakichomi, hakitoi damu, dakika chache kimekwisha. Gharama yake haifikii ujira wangu wa kushona suti moja. Ikatoka karatasi yenye viboksi vidogo na mstari unaopanda na kushuka, kama zigizaga ya overloki. Daktari akachukua rula, na hapo nikawa nyumbani, maana kazi yangu ni kupima. Akanionyesha: hapa ndipo moyo unapopata amri ya kupiga, hapa ndipo unapomaliza kujichaji upya tayari kwa pigo linalofuata. Nafasi hii ndiyo wanayoiita QT, na ugonjwa wetu jina lake ni QT ndefu. Ikishasawazishwa kulingana na kasi ya mapigo, haitakiwi kuzidi sana milisekunde 450 au 460. Ya binti yangu ilikuwa 490. Nami nikapanda kitandani: 478. Mama yangu alipopimwa, yake ndefu kuliko zetu zote, na hajawahi kuanguka hata siku moja maishani.

Moyo unaochelewa kujichaji hauna tatizo siku nyingi. Tatizo ni pale amri mpya inapoukuta bado haujawa tayari, kwenye mbio, majini, kwenye mshtuko. Unaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu anaanguka. Ukijirudisha wenyewe, tunasema hakunywa chai. Usipojirudisha, tunakunja jamvi la matanga.

Ugonjwa huu hurithiwa: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo akigundulika mmoja, ndugu wote wapimwe, hata wazima kama chuma.

Sasa binti anakunywa propranolo kila siku, dawa ya zamani, ya bei rahisi, inayotuliza mapigo. Kazi kubwa ni kutokosa dozi. Haogelei, hashindani mbio, ila anacheza na wenzake, na mwalimu mpya ana karatasi ya daktari. Wapo wanaohitaji zaidi ya vidonge, hupandikizwa kifuani kifaa kidogo kinachoushtua moyo ukipotea njia. Kwetu huduma za namna hiyo zipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Na kuna jambo la duka la dawa ambalo wengi hawalijui. Zipo dawa za kawaida zinazorefusha hiyo nafasi ya QT: baadhi ya antibayotiki kama erithromaisini na azithromaisini, kwinini, na hata dawa mseto ya malaria tunayomeza kama karanga. Kwa mtu wa kawaida hazina neno. Kwa mwenye moyo kama wetu ni lazima daktari ajue kwanza ili achague nyingine au amwangalie kwa karibu. Sijasema uache kutibu malaria, malaria nayo inaua. Nasema mwenye duka akikuuliza "nikupe mseto?", uwe na jibu. Mimi natembea na orodha kwenye pochi. Kuhara na kutapika pia ni hatari kwetu, kwa sababu potasiamu inapungua mwilini na moyo unazidi kuchelewa kujichaji. ORS haikosekani ndani, na sisi watu wa Tanga hatuhitaji kubembelezwa kunywa dafu, lakini mtoto akishindwa kuzuia maji tumboni ni hospitali moja kwa moja.

Si kila kijana anayeanguka ana ugonjwa wetu. Marc-Vivien Foé, mchezaji mpira wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, alikutwa na misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi. Hiyo nayo hurithiwa, na hukamatwa vizuri zaidi kwa Echo, ile mashine ya kuuangalia moyo kwa picha. Wengine moyo wao huvimba baada ya virusi, ndiyo maana kijana mwenye homa asilazimishwe mazoezi ati atoe jasho apone. Italia tangu 1982 mchezaji wa mashindano hapati kibali bila kupimwa moyo, na jimbo la Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kwa takriban asilimia 89 ndani ya miaka iliyofuata. Sisi kupima timu zote za mtaa bado ni ndoto. Kuuliza maswali ya yule daktari wakati wa kusajili wachezaji hakugharimu shilingi.

Narudi kiwanjani Tanga, ingawa sipendi. Mdogo wangu alipoanguka mara ya pili alitikisika mikono na miguu, akakoroma. Watu wakasema kifafa. Mmoja akamnusisha kiatu, mwingine akakimbilia kijiko, ndoo ya maji ikamwagwa. Halafu wakamweka kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Nimeelezwa kwamba moyo ukisimama ghafla mtu anaweza kutikisika kwa sekunde kadhaa, na ule mkoromo wa kukwamakwama si kupumua. Aliyeanguka haitiki na hapumui kama kawaida, huyo moyo umesimama, na kila dakika inayopita bila kufanya kitu nafasi yake ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10.

Mlaze chali penye ugumu. Kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, ubonyeze kwa uzito wa mwili sentimita 5 hadi 6, uachie kifua kirudi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kama mara mbili kila sekunde. Kwa mtoto mdogo mkono mmoja unatosha. Utachoka mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo badilishaneni kila dakika mbili, huku mwingine anapiga simu na kutafuta gari la kumlaza. Pikipiki hapana: juu yake hakuna anayeweza kubonyeza kifua. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kufanya kazi, akashtuliwa kwa mashine mara 15, na yu hai hadi leo kwa sababu kifua chake hakikuachwa. Kama uwanja wenu una mashine ile, jueni inakaa wapi na nani ana ufunguo.

Yule mdogo wangu wa Korogwe tulimpeleka kupimwa. QT yake ndefu. Daktari hakumwachisha dawa za kifafa siku hiyo, na wewe usimwachishe mtu wako. Alimwongezea propranolo kwanza, akampunguzia zile nyingine taratibu baadaye. Mwaka wa tatu huu hajaanguka.

Bibi naye tulimpima, kwa ubishi mkubwa. Karatasi yake ikatoka safi. Daktari akamweleza kwamba wapo wenye ugonjwa ambao ECG yao huonekana nzuri, lakini bibi hakutaka kusikia sehemu hiyo. Alitoka akitangaza kwenye benchi zima kwamba alijua tangu zamani, ulitoka kwa babu. Ndani ya basi akanyamaza mpaka tulipopita Muheza. Halafu akanigeukia.

"Sasa yule mbuzi wangu," akasema, "nani atanirudishia?"